Nyuzi za Dobi Mkubwa

Kati ya kibanda changu cha viatu na duka la dobi kuna ukuta wa mbao nyembamba, tena mbao zenyewe zimetoboka mahali pawili. Nasema hivi mapema ili msije mkaniita mdaku. Mimi sisikilizi, nasikia tu. Mtu akikohoa upande ule, mimi huku nampa pole. Miaka ishirini na miwili nimekaa na ukuta huo mgongoni, nikigonga visigino na kushona soli, na karibu yote nitakayowasimulia yalinifikia kupitia humo.

Duka lilikuwa la mama na binti yake. Mama tulimwita Dobi Mkubwa, binti tukamwita Dobi Mdogo, ingawa mdogo mwenyewe ana miaka thelathini na minane na kwa kimo alimpita mama yake tangu shuleni. Baba mtu, Mungu amrehemu, alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, ndiyo maana mama aliniita shemeji na binti ananiita baba mdogo. Chumba cha mbele kina kaunta, meza ya pasi na rafu za nguo zilizokwisha. Cha nyuma kina makarai mawili makubwa, bomba moja, na kamba za kuanikia zilizovutwa ukuta hadi ukuta chini ya bati. Mvuke wa humo ni balaa. Ukiingia na miwani unatoka kipofu.

Dobi Mkubwa hakujua kusoma, hata namba. Lakini nguo za mtu hazikupotea, kwa sababu kila mteja alimpa alama yake ya uzi, mishono michache ndani ya kola au ndani ya pindo, mahali ambapo mwenye nguo mwenyewe hapaoni. Mwalimu wa hesabu alikuwa na mishono mitatu ya kijani. Muuza nyama, mitatu ya buluu. Mkunga wa zahanati, miwili myekundu na mmoja wa njano umeikatiza. Aproni yangu ina mshono mmoja wa kahawia, mrefu, umepinda. Nilimuuliza mbona wa kwangu umekwenda upogo.

"Nimeshona tabia, shemeji," akasema.

Vitambaa vya kanisa alivifua kila Jumamosi, sadaka yake. Alama ya kanisa ilikuwa mshono mweupe juu ya kitambaa cheupe. Nikamwambia huo hakuna atakayeuona. Akanijibu kwamba anayehusika anauona, na akaendelea kupulizia maji kwenye shati.

Basi macho yakaanza kumchezea. Kijani na buluu vikawa kwake kitu kimoja, na siku moja Mwalimu wa hesabu akaingia darasani na suruali ya muuza nyama, mtu mwenye kiuno cha pipa. Alifundisha kipindi kizima kashika chaki mkono mmoja na suruali mkono wa pili. Mtaa mzima ulicheka, mimi wa kwanza. Dobi Mdogo hakucheka. Alikwenda kuagiza lebo za kitambaa zenye namba, moja hadi mia mbili, na zikaja Jumamosi moja zimeviringishwa kama riboni.

Jumamosi hiyo naikumbuka neno kwa neno.

"Mama, zimekuja," alisema binti. "Kila mteja atakuwa na namba yake. Moja mpe umtakaye wewe, nimekuachia."

"Na nitajuaje ni ya nani?"

"Nitakusomea."

"Siku usipokuwepo?"

"Nitakuwepo, mama. Naenda wapi?"

"Hawa watu nawajua kwa nyuzi zao," Dobi Mkubwa akasema. "Leo niwaite namba, wamekuwa wafungwa?"

Kaunta ilikuwa na wateja watatu wanangoja, Mwalimu akiwa mmojawapo, na pasi ilikuwa ya moto, na binti alikuwa amesimama tangu alfajiri. Hayo ndiyo maelezo, si udhuru. Akafyatuka.

"Mama, macho huna na kusoma hujui! Utatufungia duka. Hebu kaa pembeni watu tufanye kazi."

 Halafu Mwalimu, kwa nia ya kupoza mambo, akasema yeye hana neno mradi suruali imkae. Na mimi huku upande wa pili, na nyundo yangu mkononi, nikacheka. Nilicheka kwa sauti. Nikisema leo kwamba sikumcheka yeye, mtaniamini?

"Haya," alisema Dobi Mkubwa. "Fanyeni."

Akachukua kile kitambaa cheupe cha madhabahu, ambacho alikuwa amemaliza kukipiga pasi, akachukua kikopo chake cha sindano, akatoka. Alipita mbele ya kibanda changu bila kunitupia neno, na yeye hakuwa mtu wa kupita kimya. Jioni alirudi nyumbani, akala kidogo, akalala. Asubuhi ya Jumapili binti alipeleka chai chumbani kwake na kukuta hatoamka tena.

Daktari alisema ni moyo. Angesema mapafu, au damu, au ini, nadhani yote yaliyofuata yasingefuata. Dobi Mdogo alilichukua neno hilo moja akaenda nalo, na hakuna aliyeweza kulitoa mkononi mwake.

Siku tatu baada ya mazishi alifungua duka. Riboni ya lebo aliitia kwenye mkebe wa biskuti, akaufunika, akaupandisha juu ya rafu hadi darini. Hakuikunjua hata mara moja. Akarudi kwenye nyuzi za mama yake, na nilidhani ni heshima, nikasema moyoni huyu ndiye mtoto. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni kifungo.

Alama za mama zilikuwa sitini na tatu, na binti alizijua zote. Alikataa kubuni ya sitini na nne. Mteja mpya akija na mzigo wake, anaambiwa, "Samahani, nimejaa." Amejaa nini, na rafu ziko wazi! Wakati huohuo watu wanahama, wanazeeka, wanakufa. Kila aliyeondoka, uzi wake uliondoka naye. Sitini na tatu zikawa hamsini, zikawa arobaini na moja. Duka lilikuwa linamfinya taratibu na yeye ndiye aliyekuwa akisukuma kuta. Dirisha la mbele alilifunga akisema vumbi linachafua mashati, kana kwamba vumbi limeanza kuingia mwaka huu. Ndani mvuke unazunguka, hauna pa kutokea, na yeye katikati na pasi, saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili. Kanisani hakutia mguu tena baada ya siku ya mazishi. Kiti cha mama hakukikalia, hakukisogeza, alikuwa akikizunguka.

Nilijaribu kumtoa. Nilimwambia twende sokoni unisaidie kuchagua ngozi. Akaniambia ngozi siijui, baba mdogo. Nilimwambia dada yangu ana sherehe. Akaniambia nitamletea shela lake limepigwa pasi, akalipiga, akanipa mimi nilipeleke.

Kilichonitesa zaidi ni sala. Kila asubuhi kabla ya kuwasha pasi alisali ile sala ya Bwana ambayo sote tulifundishwa tungali wadogo. Naisikia inakuja vizuri, polepole, jina, ufalme, mapenzi, mpaka anaomba mkate wa siku. Hapo kimya. Panapofuata ni pa kuomba kusamehewa, na hapo hapiti. Namsikia akivuta pumzi. Halafu swichi ya pasi inalia, kazi inaanza. Kesho vilevile. Mimi si mtu wa dini sana, kanisa langu ni krismasi na misiba, lakini jamani, kusikia sala inakatwa mahali palepale kila siku kwa miezi ishirini kunachosha roho. Ni kama jirani wa ghorofa ya juu avue kiatu kimoja akitupe sakafuni, nawe ukeshe ukingoja cha pili. Nikaanza kuimalizia mwenyewe, kimoyomoyo, ili nifanye kazi.

Siku moja uvumilivu ukaniishia. Nikagonga mbao.

"Binti, hiyo sala yako haina mwisho?"

Akasogea karibu na ukuta.

"Pale pana mlango, baba mdogo. Nikifika naukuta umefungwa kwa ndani."

"Nani kaufunga?"

"Aliyeondoka bila kuniambia neno."

"Mwanangu, anayesamehe si Mungu?"

"Mungu nimwambie nini? Niliyemkosea ni mama. Mama yuko udongoni, na alikwenda huko na hasira zangu. Nani atanisamehe kwa niaba yake? Wewe?"

 Mimi fundi viatu. Nilichukua nyundo nikagonga kisigino ambacho kilikuwa kimekwisha gongwa, na nikakumbuka kicheko changu, nikagonga tena.

Sasa ikaja Jumatano ambayo Mama Funguo alifika. Huyu ndiye mtunza kanisa, mwanamke mfupi mwenye fungu la funguo kiunoni. Unamsikia kabla hujamwona. Kwapani alikuwa na kitu kimefungwa kwenye shuka kuukuu.

"Jumapili tunawakumbuka marehemu wetu," alisema akiweka mzigo kwenye kaunta. "Nimekuletea kitambaa cha madhabahu, kile kizuri. Jumapili ile mama yako alipotutoka mshumaa ulikidondoshea nta. Tangu hapo kipo kabatini. Tulisema tutampa mwanawe akija, na mwanawe hakuja. Meza ya Bwana inavaa nailoni mpaka leo, aibu tupu."

"Mpelekee dobi mwingine, mama."

"Kwa nini?"

"Mimi sikigusi. Mikono yangu haifai."

Nikaacha kushona. Hapo, sikatai, nilisikiliza.

"Haifai vipi?" aliuliza Mama Funguo.

Na Dobi Mdogo akamwambia. Jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, mimi nikilijua kwa sababu ya ukuta, na wale wateja watatu kwa kuwapo siku ile, na kwa ajabu ya Mungu domo langu hili halikuwahi kulimwaga. Alisema yote, macho, kusoma, kaa pembeni. Alisema, "Nikiwa msafi nitarudi kanisani. Kwa sasa siwezi kwenda mbele za Mungu hivi."

Nilitegemea Mama Funguo atalia, au atatoa mahubiri. Alitoa mguno.

"Hebu niambie, dobi. Watu wanakuletea nguo zikiwa safi?"

"Hapana."

"Akija mtu na shati lake jeupe la pasi, akakwambia naomba unifulie, utamwonaje?"

"Nitamwona ana wazimu."

"Ehe. Na wewe dobi mzima unangoja ufulike kwanza ndipo uende kwa anayefua." Funguo zikalia, alikuwa anaondoka. "Nitakipitia Jumamosi mchana."

Mzigo ulikaa kwenye kaunta Alhamisi. Ukakaa Ijumaa. Nilipita mara nne nikijifanya naomba chenji, nao upo vilevile, fundo halijafunguliwa, naye anapiga pasi akiupa mgongo. Uso ulikuwa umemvimba. Nikajua halali, na nikajua Mama Funguo akija Jumamosi akaukuta hivyo atauchukua kimyakimya, na mwanamke huyu hatotoka tena humo ndani mpaka sisi wengine tumtoe tumembeba.

Jumamosi asubuhi sala ikaanza. Jina, ufalme, mapenzi. Mkate. Kimya. Nilikuwa nimeshika sindano hewani. Nikangoja swichi ya pasi.

Badala yake nikasikia fundo la shuka likifunguliwa.

Najua utaratibu wa nta maana nimeuona mara nyingi. Unaweka karatasi juu na chini, unapitisha pasi yenye uvuguvugu, nta inahamia kwenye karatasi. Halafu maji, sabuni, na kusugua pale palipobaki doa, kwa vifundo vya vidole. Nilisikia pasi, karatasi, kisha bomba la nyuma. Nikasikia anasugua. Na katikati ya kusugua akaianza sala upya, safari hii si polepole, anaisema kwa pumzi ya mtu anayefanya kazi. Akafika kwenye mkate. Mikono ikasimama. Maji yakawa yanadondoka tu kwenye karai.

"Nisamehe," alisema.

Sauti haikuwa ya mtu anayekariri. Ilikuwa ya mtoto.

"Nimemkosea mama na siwezi kumfikia. Wewe unaweza. Mwambie. Na kama hataki kunisamehe, basi nisamehe wewe, maana nimechoka, Mungu wangu, nimechoka humu ndani."

Alilia. Hakulia kwa adabu, alilia hadi makarai yakaitika, na alipomaliza akaendelea na sala kutoka pale ilipokuwa ikikatikia, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Na mimi, bila kufikiri, nikaropoka kwa sauti kupitia mbao, "Amina!"

"Baba mdogo, unasikiliza?"

"Nasikia tu, mwanangu. Nasikia tu."

Akacheka, kamasi na machozi humohumo. Miezi ishirini sijasikia kicheko hicho, nikajichoma sindano kwenye kidole gumba na wala sikujali.

Saa nane mchana kitambaa kikiwa kimekauka, kimetiwa wanga, anakipiga pasi, nikasikia pasi imewekwa chini ghafla.

"Baba mdogo! Njoo. Njoo uone."

Nilikwenda na kiatu cha mtu mkononi. Alikuwa amekunjua pindo la pembe ya kitambaa, pale alama zinapokaa. Mshono mweupe ulikuwepo, wa zamani. Na kando yake, kwa mishono mipya midogo ya mkono ambao nisingeusahau, ilikuwa imeshonwa lebo. Lebo ya namba. Moja. Ilikuwa kichwa chini, ile kofia ndogo ya moja iko kwa chini na mguu umeelekea juu, kwa sababu aliyeishona hakujua upi ni upande wa kichwa.

 Dobi Mdogo alipanda juu ya kiti, kile kiti cha mama yake, akauteremsha mkebe wa biskuti, akaufungua. Riboni ilikuwa imekatwa kwa mkasi, vizuri, na ilianzia mbili.

Mama Funguo aliingia na kelele zake akatukuta tumesimama kama sanamu. Alionyeshwa pindo, akavaa miwani, ikaingia mvuke, akaivua.

"Hiyo nilimwona akiishona," alisema. "Jumamosi ile. Alikaa benchi la mbele, kitambaa mapajani, nikamwambia, mama, twende nifunge. Akaniambia ngoja nimalize, macho yangu hayana haraka. Nikamuuliza unashona nini. Akasema, mwanangu kaleta namba, ya kwanza kaniachia mimi nichague, nimechagua hapa." Akatuangalia. "Nilidhani mnajua."

Dobi Mdogo alikaa. Alikaa kwenye kile kiti, akakikumbatia kitambaa, na wanga wote ukaharibika, ikabidi akipige pasi upya. Nilimsikia akisema, "Asante," na haikuwa kwangu wala kwa Mama Funguo. Alisema mara nyingi.

Mtunza kanisa alipoondoka na kitambaa chake nilibaki mlangoni nikikizungusha kile kiatu.

"Binti, mimi siku ile nilicheka."

"Nilikusikia."

"Na mama yako je?"

"Mama macho ndiyo yalikwisha, baba mdogo. Masikio alikuwa nayo."

"Basi nami nifanyeje?"

Akanielekeza kwa kidevu chumba cha nyuma. "Nenda ukaseme niliposemea mimi. Angalia usiteleze, kuna sabuni."

Nilikwenda. Niliyoyasema huko hayawahusu. Ila yeye naye alikuwa upande wa pili wa ukuta, na nilipomaliza nikasikia mtu kaitika.

Jumapili meza ya Bwana ilivaa nguo yake, na benchi la mbele alikaa Dobi Mdogo, na kando yake fundi viatu ndani ya shati ambalo binti alilipiga pasi mwenyewe kwa sababu alisema sitamwaibisha. Jumatatu dirisha la mbele lilikuwa wazi. Mteja wa kwanza mpya alikuja Jumanne, muuguzi, na hakuambiwa kuna kujaa.

Siku hizi kila nguo pale dukani ina lebo. Ya mbili iko kwenye aproni yangu, karibu na uzi wa kahawia uliopinda, maana nyuzi za mama hazikufumuliwa hata moja. Kuna usumbufu kidogo. Wa sita na wa tisa wamekwisha badilishana mashati mara mbili, na juzi Mwalimu wa hesabu aligeuza kola yake pale kaunta, akaitazama, akaigeuza tena.

"Dobi," alisema, "nisamehe kwa kukuingilia kazi. Lakini hizi namba zako zote zimeshonwa kichwa chini."

"Ndivyo zinavyoshonwa hapa, Mwalimu," alijibu bila kuinua macho kwenye pasi. "Mwenye duka ndiye aliyeanza."